Andika

Walipobomoa duka la Bedri, fundi wa mifarishi,
pamba ilibaki hewani siku tatu,
ikatua kwenye nguo tulizoanika, kwenye supu, kwenye kope za paka.
Tukasema: haya, Bedri bado anaaga.
Kisha ukaja utepe, ukaja mkasi, akaja diwani na kikohozi chake,
na milango ya kioo inayofunguka yenyewe
kabla hujaamua kama unaingia.

Kilima chetu hapa Izmir kina ngazi mia na arobaini.
Wazee wa juu hawashuki. Kinachoshuka ni kikapu,
kwa kamba, kutoka dirishani,
na ndani yake kikaratasi.
Nusret husoma, hujaza, huvuta kamba mara mbili
kama mtu anayebisha hodi mbinguni.

Daftari lake lina jalada la bluu, limefungwa kwa mpira wa suruali.
Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari
hawakumjua Nusret: yake ilipotea humo humo daftarini,
kwa mwandiko mzuri.
Mjane wa ghorofa ya nne: mayai manne, andika.
Mwanafunzi wa sheria: sigara mbili, si pakiti, andika.
Hikmet, aliyeachishwa kazi bandarini mwezi wa harusi ya bintiye:
sukari kilo kumi, andika, andika.
Mwaka ule baba alipolazwa, sisi tulikula daftari
tangu Novemba hadi milozi ilipochanua.

Na mimi ndiye niliyetangulia kuingia kule.
Nisikuzungushe.
Nepi, pakiti kubwa, nusu bei. Nina pacha.
Nilitoka na mfuko mwekundu, nikauficha chini ya koti,
nikapita mbele ya Nusret na mimba ya plastiki.
Alikuwa anafuta mizani isiyo na vumbi.
"Funga vifungo," akasema, "mvua inakuja."
Mvua haikuja.

Februari, Bibi Müzeyyen, macho yameshaingia ukungu,
akashusha kikapu upande usio wake.
Kikaning'inia mbele ya milango ya kioo.
Milango ikafunguka. Ikajifunga. Ikafunguka.
Haikujua kama hicho ni mteja.
Nilicheka, kisha sikucheka.

Akatoka binti wa kaunta, Sevcan, kizibao chekundu,
jina lake limebanwa kifuani kwa pini,
akasoma: mkate, jibini kidogo, andika.
Akarudi ndani. Mashine ile inajua kulia, kutema risiti, kudai;
kuandika haijui.
Nikamwona akichana kipande cha karatasi,
akaandika kwa wanja wa nyusi, akakitia mfukoni,
akaja na mkate,
akavuta kamba mara moja.
Juu, kimya. Kamba haikusogea.
Ng'ambo ya barabara Nusret alisimama mlangoni
na vidole viwili hewani.
Mbili, binti. Mbili.

Jana nilikwenda kulipa.
Nilikuwa nimebakiza kibiriti, chumvi, uzi mweupe.
Akalamba kidole, akafunua hadi ukurasa wangu.
Neno langu la mwisho humo ni la Oktoba.
Hakunifuta. Hakunipigia msalaba.
Chini yake alichora mistari kwa rula, mitupu,
kila mmoja na tarehe pembeni:
siku alizofungua duka, siku ambazo sikuingia.
Nilihesabu hadi tisini nikaacha.

Akazipokea pesa, akazitia kwenye kopo la zeituni,
akairudisha kalamu juu ya karatasi.
"Na leo?"

Nilikuwa na noti nyingine mkononi, imelowa jasho.
"Mayai," nikasema. "Manne."
Nikaikunja noti, nikairudisha mfukoni.
"Andika."